Vincent van Gogh, mchoraji aliyeshuka mu shimo

Ile tablo ya maua ya alizeti ndani ya chombo, manjano juu ya manjano, wengi kati yetu tuliiona: ku kalenda, ku ukuta wa bilo, mara ingine ku kifuniko cha sanduku la biskuti. Mwenye kuichora ni Vincent van Gogh, mtu wa Uholanzi. Wanaoeleza habari zake wanapenda kuanza na sikio lake alilolikata, ao na bei ya tablo zake leo, zile hesabu za mamilioni ambazo mshahara wa kambi nzima hauwezi kuzifikia. Sisi tutaanza kwingine. Mbele ya maua na mbele ya sikio, huyu mtu alikaa karibu miaka miwili kati ya wachimbaji wa makaa ya mawe mu Ubelgiji. Alishuka nao mu shimo. Alilala ku majani makavu sawa maskini wa mwisho. Na ni pale pale, mu vumbi nyeusi ya makaa, ndipo alipokata shauri ya kuwa mchoraji. Basi habari hii ni yetu pia kidogo.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 ku Zundert, kijiji cha Uholanzi karibu na mpaka wa Ubelgiji. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Protestanti. Mwaka mmoja mbele yake, siku ile ile ya 30 Machi, mama yake alizaa mtoto aliyekufa, naye aliitwa Vincent vilevile. Kwa hiyo huyu wa pili alikulia karibu na kaburi lenye jina lake mwenyewe. Kwetu wazee wangekuwa na mengi ya kusema juu ya mtoto anayepewa jina namna hiyo, lakini tuyaache.

Baba-wadogo zake walikuwa wafanyabiashara wa tablo, ndiyo maana alipofika miaka 16 akaingizwa kazi ku La Haye, mu duka kubwa la Goupil. Kutoka huko akatumwa London, kisha Paris. Kazi ilianza vizuri, ikaharibika. Alipokataliwa na msichana mmoja ku London akaanza kujifungia na Biblia, tena akawa anawaambia wanunuzi kama hii tablo ni mbaya, musinunue. Duka gani litavumilia mwuzaji wa namna hiyo? Mwaka 1876 wakamfukuza. Akawa mwalimu wa shule ku Uingereza, akauza vitabu ku Dordrecht, akajaribu masomo ya uchungaji ku Amsterdam na kuyaacha juu ya Kilatini na Kigiriki. Miezi mitatu ku shule ya wahubiri karibu na Bruxelles, nako hawakumkubali. Alikuwa na miaka 25, na kila mlango aliogonga ulikuwa umefungwa. Jamaa walianza kuona haya juu yake.

Sasa ndipo anafika Borinage.

Borinage ni inchi ya makaa karibu na muji wa Mons, upande wa mpaka wa Ufaransa. Wenye walikaa ku Luena wanajua makaa ya mawe, lakini mashimo ya Borinage yalikuwa ya zamani sana na ya chini sana, tena yenye grizu, ile hewa mbaya inayojificha mu mawe na kulipuka ikikutana na moto. Vincent alifika kule mu Desemba 1878. Alikaa kwanza ku Pâturages, kisha ku Wasmes, mu nyumba ya mwoka mikate. Mwanzo wa mwaka 1879 komite ya wahubiri ikampa kazi ya miezi sita ya kujaribiwa: kusoma Biblia na watu, kufundisha watoto, kutembelea wagonjwa.

Alikuta watu wenye uso wa rangi ya mvua, waliochoka mbele ya wakati, wenye homa, wenye kukohoa. Alikuta wanawake na wasichana wakivaa sawa wanaume na kubeba magunia. Mwanzo hakusikia maneno yao, maana walisema Kifaransa chao cha kule kwa mbio, hata mtu wa Paris angepotea. Wao vilevile walimwangalia kwa mashaka. Mzungu mwenye mikono laini, mwana wa mchungaji, anakuja kutuambia nini? Kila mwenye kufanya kazi ya shimo anajua mashaka hayo: anayekaa juu hana neno mbele ya anayeshuka, mpaka siku atakaposhuka naye.

Vincent alishuka. Ilikuwa mwezi wa Aprili 1879, ku shimo la Marcasse, moja la mashimo ya zamani kupita na yenye sifa mbaya kupita, juu ya watu wengi waliokufa mule kwa hewa, kwa maji na kwa mapango yaliyoanguka. Aliongozwa na mtu aliyefanya kazi pale miaka 33. Alikaa chini saa sita hivi. Kisha akamwandikia mdogo wake Theo barua, na ile barua ipo mpaka leo. Mule anaeleza kama kushuka ni sawa ndoo inayoteremshwa mu kisima, na kama mtu akiangalia juu anaona mwangaza wa mchana umekuwa mdogo sawa nyota. Wenye walishuka Kipushi wataitikia bila kufikiri. Alieleza vyumba vidogo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila mchimbaji ndani ya chake, amelala ao amepiga magoti, anakata makaa na sururu ku mwangaza wa taa ndogo, miti ya kushikilia dari ikidondosha maji. Aliona watoto, wavulana na wasichana, wakijaza makaa mu magari madogo ya reli. Na kule chini kabisa, ku metre 700, aliona zizi la farasi wazee waliokuwa wakivuta yale magari.

Tusimame kidogo juu ya barua hiyo. Mwenye kuiandika hajawa mchoraji bado, lakini anaangalia sawa mchoraji. Hasemi tu kwamba kazi ni nguvu na watu ni maskini, vile wageni wote wanavyosema wakitembezwa. Anaandika taa iko wapi, mwili umekunjwa namna gani, maji yanang'aa wapi. Mtu anayetaka kujua kwa nini baadaye alichora mikono na migongo vile alivyoichora, atafute pale.

Mwezi ule ule wa Aprili, tarehe 17, shimo la Agrappe ku Frameries, pale karibu, lililipuka kwa grizu. Watu 121 walikufa. Wengine walitoka wazima lakini wameungua. Vincent aliingia mu nyumba za majeruhi, akapasua mashati na mashuka yake kuwa bandeji, akakaa usiku karibu nao. Alikuwa amekwisha kugawa nguo zake, pesa zake, kitanda chake. Alitoka mu nyumba ya mwoka mikate akahamia mu kibanda, akalala ku majani makavu. Aliacha hata kunawa uso, asionekane msafi kupita wao.

Hapo mapokeo ya watu yanagawanyika, na sisi vilevile hatukusikilizana kabisa tulipozungumza juu yake. Wachimbaji wa Wasmes walimpenda, ni kweli, lakini walimshangaa pia. Mchimbaji akitoka shimo ananawa. Ni heshima yake. Bibi yake amekwisha kuweka maji ku moto. Uchafu si kitu anachokichagua. Kuona mtu mwenye sabuni anaikataa, hiyo inaweza kuonekana upendo, inaweza pia kuonekana kutojua. Mmoja wetu alisema: angewapa sabuni yake na kunawa pamoja nao. Lakini bandeji zile zilikuwa bandeji za kweli, na majeruhi wale walipona ao walikufa mtu akiwa kando yao. Tunaandika yote mawili.

Komite yenyewe haikuwa na mashaka mengi. Ilituma mwangalizi, akaona mhubiri wao katika kibanda, amevaa gunia, na akaandika kama huyu anapita kiasi na anavunja heshima ya kazi. Tena kusema mbele ya watu hakujua. Mu Julai 1879, miezi sita ilipokwisha, hawakurudisha mkataba. Mtu aliyewapa maskini vyote alivyokuwa navyo akafukuzwa juu ya kufanana nao mno.

Akahamia Cuesmes, mu nyumba ya mchimbaji mmoja na jamaa yake, bila kazi. Baba yake alifikiri hata kumweka mu nyumba ya wagonjwa wa akili. Na Theo aliyekuja kumtembelea akamwambia maneno makali, kwamba asizoee kuishi ku mgongo wa wengine. Karibu mwaka mzima ndugu hao wawili hawakuandikiana. Kati ya msimu ule wa baridi Vincent alifunga safari kwa miguu mpaka Courrières, inchi ya Ufaransa, kumwona mchoraji Jules Breton aliyempenda sana juu ya tablo zake za walimaji. Kilometre 70 hivi, franka chache tu mfukoni, akilala njiani ndani ya gari lililoachwa na ndani ya majani. Alipofika aliona nyumba ya Breton: mpya, ya matofali, kubwa, yenye sura ya baridi. Hakugonga mlango. Akarudi vile alivyokuja, akibadilisha vipande vya karatasi alivyochora kwa mkate.

Wengi wangevunjika pale. Yeye, kadiri alivyoandika mwenyewe, ndipo aliposikia nguvu zake zinarudi. Mu 1880 Theo, aliyekuwa sasa akifanya kazi vizuri ku Paris mu duka lile lile la Goupil, alimtumia franka 50. Vincent akajibu kwa barua ndefu sana ya kueleza moyo wake, na nyuma yake akaanza kuchora bila kupumzika. Hakuna aliyemfundisha. Alichukua kitabu cha mazoezi ya Charles Bargue, akakirudilia kurasa kwa kurasa sawa mtoto wa shule. Akachora kwa kuiga Millet, yule Mfaransa aliyechora wapanda mbegu na wavunaji, na Millet akabaki mwalimu wake mpaka mwisho wa maisha. Chumba alikuwa akigawana na watoto wa nyumba, mwangaza kidogo, kwa hiyo mara nyingi alitoka kufanya kazi nje mu bustani. Alikuwa na miaka 27. Mwanafunzi wa fundi seremala kwetu, mu umri huo, amekwisha kuwa na wanafunzi wake.

Mu Oktoba 1880 aliondoka Borinage kwenda Bruxelles.

Miaka kumi tu ndiyo iliyobaki. Mu miaka hiyo kumi alifanya tablo karibu 860 za mafuta, na michoro zaidi ya elfu moja. Theo alimtumia pesa kila mwezi, kwa muda mrefu franka 150, na Vincent alimpa tablo zote: kwa hesabu yao ilikuwa mapatano ya kazi, si sadaka. Mtu akisema Van Gogh aliishi kwa nguvu zake mwenyewe, anamsahau mdogo mtu huyu aliyeketi ku bilo Paris, akakunja franka mu bahasha mwezi kwa mwezi, miaka kumi.

Ku La Haye Vincent alifundishwa kidogo na Anton Mauve, mchoraji aliyeoa jamaa yake, wakagombana. Aliishi kule na mwanamke maskini aliyekuwa na mimba ya mtu mwingine, akamlea pamoja na watoto wake, mpaka jamaa wakakasirika tena. Kule alichora tena wanawake wa Borinage wanaobeba magunia ya makaa mu theluji, wameinama mpaka uso hauonekani. Hakuwa nao mbele yake. Walikuwa mu kichwa.

Kisha akarudi kwa wazazi ku Nuenen, inchi ya walimaji na wafumaji wa nguo. Msimu mzima wa baridi alichora vichwa vya walimaji na mikono yao, kimoja baada ya kingine, na mu 1885 akamaliza tablo yake kubwa ya kwanza: Wala Viazi. Watu watano chini ya taa moja, sahani moja ya viazi yenye moshi, kahawa. Weka bukari pahali pa viazi na utaijua nyumba hiyo. Rangi ni ya udongo, sawa kiazi kisichomenywa. Alitaka ionekane kama mikono inayoingia mu sahani ndiyo mikono ile ile iliyochimba viazi, kwamba chakula hicho wamekipata kwa haki. Rafiki yake mmoja mchoraji alimwandikia kuwa ni mbaya, mikono haikuchorwa sawasawa. Vincent alikasirika, urafiki ukavunjika. Tukiangalia sisi, mikono ile ni sawasawa kabisa. Mkono wa mtu wa kazi hauna sura ya kitabu cha shule.

Nyuma ya kifo cha baba yake alikwenda Anvers, na mu 1886 akatokea kwa Theo Paris bila kumwambia tarehe. Miaka miwili ya Paris ilibadilisha rangi zake zote. Aliona Wafaransa wanaochora mwangaza, na picha za karatasi kutoka Japani zilizouzwa bei ndogo, alizozinunua kwa mamia na kuzitundika ku ukuta. Udongo ukatoka, manjano na samawati zikaingia. Lakini Paris ilimchosha, na mu Februari 1888 akapanda treni kwenda Arles, kusini, kutafuta jua.

Pale ndipo maua ya alizeti, nyumba ya manjano, bustani zenye maua meupe, mvunaji ndani ya ngano. Alichora watu wa kawaida: mtu wa posta Joseph Roulin mwenye ndevu, bibi yake, watoto wao mpaka wa mwisho mu mikono. Alitaka kuifanya nyumba ya manjano kuwa makao ya wachoraji wengi watakaofanya kazi pamoja na kugawana pesa. Mmoja tu alikuja, Paul Gauguin, mu Oktoba. Tarehe 23 Desemba, nyuma ya ugomvi wao, Vincent alishikwa na ugonjwa wa kichwa na kujikata sikio. Gauguin akaondoka. Watu wa kartye, 30 hivi, wakatia sahihi ku barua kwa meya ili mgonjwa huyo afungiwe. Roulin hakuwa kati yao. Alimtembelea ku hospitali.

Mu Mei 1889 alikwenda mwenyewe ku nyumba ya wagonjwa ya Saint-Rémy. Wagonjwa wengine walishinda wamekaa bila neno. Yeye, siku alizokuwa mzima, alifanya kazi. Tablo ya usiku wenye nyota zinazozunguka ni ya pale. Alipokosa watu wa kuchora alichukua tena picha za Millet, zile zile alizoiga mu chumba cha mchimbaji, akazirudilia na rangi.

Mu Mei 1890 alihamia Auvers, karibu na Paris, akafanya karibu tablo moja kwa siku. Tarehe 27 Julai alijipiga risasi, na tarehe 29 akafa, Theo akiwa kando ya kitanda. Alikuwa na miaka 37. Theo alikuwa amekwisha kuwa mgonjwa, naye akafa miezi sita nyuma yake. Bibi ya Theo, Johanna, mjane wa miaka 28 mwenye mtoto mdogo, alibaki na mamia ya tablo zisizotakiwa na sanduku la barua. Walimshauri aziondoshe. Yeye akapanga maonyesho, akauza kidogo kidogo, akaandika upya barua zote mpaka zikatoka kitabu mu 1914. Kama leo tunajua ndoo ya Marcasse na nyota ile ya mchana, ni kazi ya mama huyu.

Neno moja lingine juu ya Borinage. Mu Arles, mwaka 1888, Vincent alijuana na mchoraji Mbelgiji, Eugène Boch, akachora uso wake juu ya usiku wa nyota. Wakazungumza juu ya makaa. Boch akaenda Borinage kuchora mashimo, na tablo yake ya shimo la Crachet iko leo Amsterdam, pamoja na zile za Vincent. Na dada yake Boch, Anna, mchoraji naye, ndiye aliyenunua mu 1890 ku maonyesho ya Bruxelles tablo ya shamba la mizabibu myekundu, franka 400. Ni mmoja wa wanunuzi wachache sana Vincent aliowapata akiwa hai.

Michoro aliyofanya mwenyewe Borinage ilipotea karibu yote. Mingine aliiharibu kwa mkono wake. Mmoja wa mwaka 1880 umebaki ku Otterlo, mu Uholanzi. Ni asubuhi, kuna theluji. Wanaume na wanawake wanapita mu njia kando ya ua wa miiba, wanakwenda kazini, na nyuma yao yanaonekana majengo ya shimo. Miguu ni mifupi mno, vichwa ni vikubwa. Aliyechora alikuwa hajajua kazi bado. Lakini kila mmoja amebeba chombo chake ku bega, na anatembea vile mtu anavyotembea akijua saa ya kushuka imekaribia.